Kuku Aliyetoka kwa Madam

Hakuna aliyecheka. Watazamaji walikuwa wamekusanywa kutoka soko la Kamuning kwa ahadi ya mkate na soda, na watu wa soko lile hucheka hata mbwa akikanyagwa mkia, lakini siku ile walikaa kimya wakitazama viatu vyao. Kwenye kiti chekundu aliketi karani wa benki. Wenzake wa kazini walikuwa wakimtupia maneno waliyoandikiwa, juu ya upara wake, juu ya mke aliyemkimbia, naye akitabasamu huku jasho linamtoka. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akasema bila kuficha, "Mwacheni mtoto wa watu, jamani."

Mchezo huo wa televisheni ulitoka Uholanzi, ukanunuliwa pamoja na kitabu chake kinene cha kanuni. Mtu hukaa kwenye kiti, watu wake wakamtania kwa mambo ya kweli. Akinuna, akakasirika au akalia, ameshindwa. Akicheka mpaka kengele ilie, anazoa zawadi. Huko kwao, walivyosema, watu walikuwa wakigaragara kwa kicheko. Huku Manila ulikuwa umezaa kikohozi tu, na hicho kilitoka kwa fundi wa taa.

"Kwetu, mchezo ukifika hapa ndipo wanapocheka sana," alisema Maaike, binti wa Kiholanzi aliyetumwa kuja kuangalia mchezo usiharibiwe. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma bosi.

Bosi Maridel alivua miwani. "Umesikia, Sanoy? Kwao wanacheka. Kwetu wanataka kumchangia rambirambi. Sasa wewe kazi yako humu ndani ni nini?"

Kazi ya Crisanto Abrenica, ambaye ofisi nzima ilimwita Sanoy, ilikuwa kuuvisha mchezo huo nguo za kwetu. Alikuwa ameondoa utani wa theluji na wa baiskeli, akaweka wa foleni na wa mama wakwe. Usipochekesha, kituo kingeutupa, na yeye kingemtupa pamoja nao, maana mkataba wake ulikuwa wa kipindi kimoja kimoja na hata hicho kimoja kilikuwa bado hakijapatikana.

"Tumekosea mtu, bosi," alisema. "Sisi hatumcheki aliyeonewa. Tunamcheka anayejicheka mwenyewe kwanza. Akianza yeye, tumepewa ruhusa. Halafu karani nani anamjua? Tafuta mama wa mtaani. Mama aliyefulia watu nguo, hana meno, anataniwa kutwa na hanuni."

"Si ndiye mama yako huyo?" Maridel akasema. "Kila kikao unatusimulia vituko vyake."

Mezani wakacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza siku ile. Crisanto alicheka nao. Angefanya nini? Anayenuna mbele ya bosi huambiwa hajui utani, na asiyejua utani haajiriwi kuandika vichekesho.

*

Bi Panyang, mama yake Crisanto, alipoambiwa alikuwa jikoni anachambua mchicha. Jina lake la kanisani lilikuwa Epifania, lakini padri peke yake ndiye aliyelikumbuka. Kichochoroni walimtania weusi wake, mapengo yake na sauti yake anapoimba kwenye sherehe za watu, naye alimjibu kila mmoja kwa kipimo chake. Kwetu ni hivyo. Mtu akinuna kwa utani, ndiyo kwanza mtaa mzima unamwandama mpaka ahame.

"Mimi? Kwenye televisheni?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na haya mapengo?"

"Hayo hayo ndiyo wanayoyataka."

"Ah. Basi daktari wa meno ameukosa ulaji. Mwenzio nilishaanza kuweka akiba."

Weng, mke wa Crisanto, alikuwa akimsuka binti yao Kriselle pale mlangoni. Hakuinua macho. "Utaandika nini juu yake?"

"Ya kawaida. Mapengo. Kuimba kwake. Ile siku aliyomkumbatia padri akidhani ni Mjomba Ambo."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Weng. Kwani vipi?"

"Maana Mama hajui kukataa. Wewe ukimwambia aruke kutoka juu ya paa, atakuuliza avae nini."

"Na kweli," alisema Bi Panyang, "nivae nini?"

Wakacheka wote, hata Weng, ingawa yeye ndiye aliyeacha kwanza.

*

Crisanto aliandika mapengo. Akaandika padri. Kulas, mchekeshaji aliyepewa kazi ya kuyasema, aliyasoma kwa sauti mbele ya ofisi, alipofika katikati akapiga mwayo na wala hakuuficha.

"Haya hata muuza barafu wa mtaa wenu anayajua," alisema Bosi Maridel. "Kitabu kinasema jambo wanalolijua watu wa nyumbani peke yao. Nyumbani, Sanoy."

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Kulas akasema. "Kata ndiyo wewe, ndugu yangu. Chota."

Crisanto alizungusha kalamu mezani. Angeweza kusema hana. Watu wanasema hawana kila siku na dunia haianguki. Badala yake alikohoa, akaanza kwa sauti ya mtu anayeleta mzaha mdogo tu.

"Tulipokuwa tunakaa mtaa wa Tondo, Mama alikuwa anamfulia mwanamke mmoja tajiri. Jioni anarudi na kuku wa kukaanga kwenye mfuko. Anatuambia, mimi na dada yangu, 'Wanangu, madam anawasalimia, amefanya sherehe leo.' Kila mara sherehe. Mimi nikawa naona huyu madam anazaliwa mara mbili kwa wiki."

"Kumbe?"

"Kumbe pagpag."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ni yale mabaki ambayo mikahawa huyatupa. Watu huyatoa jaani, wakayakung'uta, wakayaosha na kuyakaanga upya, na kuna mitaa ambayo chakula cha jioni ni hicho.

"Siku moja nilimfuata," aliendelea Crisanto. "Nikamwona amechuchumaa nyuma ya mkahawa. Anaokota paja, analikung'uta, analinusa, anatia mfukoni. Nikakimbia kurudi. Akaja, 'Wanangu, madam anawasalimia.' Nikala. Mpaka leo hajui kwamba najua."

Kisha Kulas akainuka. Akachuchumaa katikati ya sakafu, akachukua karatasi iliyokunjwakunjwa, akaikung'uta mara moja, akainusa, akakunja pua, akainusa tena kwa matumaini. Akasimama polepole, akanyanyua kidevu kama mke wa balozi. "Wanangu," akasema, "madam anawasalimia."

Walivunjika mbavu. Maridel alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikamwagika. Na Crisanto alicheka kuliko wote, mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu tangu aanze kuandika katika ofisi ile hakuwahi kupigiwa meza. Utamu huo ndio uliomponza. Tusiisingizie njaa, njaa ilikuwepo, lakini siku ile si yenyewe iliyosema.

Maaike hakucheka. Alifikiri hakuelewa, akaomba aelezwe, na alipoelezwa akafungua kitabu chake akatafuta ukurasa. "Kanuni inasema anayekaa kwenye kiti asomewe kila jambo kabla, akubali moja moja. Mama amekubali hili?"

Maridel alimtazama Crisanto.

"Kwetu mama hasomewi mambo kama hayo," alisema Crisanto. "Ukimsomea, umemtia aibu mara mbili. Yeye ananiamini, atatia sahihi. Na hanuni, nakwambia. Mama yangu hajawahi kununa maisha yake."

"Sikuuliza kama ananuna," alisema Maaike.

Lakini alikuwa bado mdogo kazini, na alitumwa kuuza, hakutumwa kuzuia biashara. Akaandika pembeni mwa ukurasa kwamba kanuni hiyo imebadilishwa kufuata mila za wenyeji. Bi Panyang alipoletewa karatasi nyumbani alitia sahihi pale kidole cha mwanawe kilipomwonyesha, akamuuliza kama mkono wake umependeza.

*

Alivaa gauni la zambarau la Pasaka. Nusu ya kichochoro ilikuja kumshangilia, Weng akakaa nao, na Kriselle mapajani. Mambo yalianza vizuri mno.

"Bibi," alisema Kulas, akichungulia kinywani mwake, "meno yameenda wapi?"

"Yameenda Saudia kutafuta kazi, mwanangu," alijibu Bi Panyang. "Na hela hayatumi."

Ukumbi uliporomoka kwa kicheko. Kila familia mle ndani ilikuwa na mtu wake Saudia au Dubai au Hong Kong, na kila mtu aliwahi kungoja hela zisizofika. Kulas mwenyewe alisahau kilichofuata, ikabidi akumbushwe. Crisanto alisimama nyuma ya kamera, kifua kimemjaa. Alimwambia msichana wa vipodozi aliyekuwa karibu naye, "Mama yangu huyo."

Ulipokuja utani wa padri, walicheka. Ilipokuja sauti yake ya kuimba, aliimba, wakacheka zaidi. Kisha taa zikapunguzwa, Kulas akatoa mfuko wa plastiki, akachuchumaa.

Bi Panyang aliendelea kutabasamu, kama mtu anayengoja utani ufike ndipo aujibu. Kulas akaokota paja la kuku la mpira. Akalikung'uta. Akalinusa. Hapo tabasamu likabaki pale lilipokuwa, lakini macho yalianza kutafuta. Yalipita kwenye watazamaji, yakapita kwenye taa, yakamfikia mwanawe.

Kulas akasimama na kidevu juu. "Wanangu! Madam anawasalimia!"

Crisanto aliona mama yake anamtazama. Akamnyanyulia dole gumba.

Watazamaji walikuwa wamenyamaza, na haukuwa unyamavu wa siku ile ya karani. Hawa walikuwa wanangoja. Nusu yao waliwahi kula kuku yule, na nusu nyingine walikuwa na jirani aliyekula. Walimtazama mama aliyekaa kwenye kiti chekundu ili wajue wafanye nini na vinywa vyao. Bi Panyang aliwaelewa. Alikuwa ameishi na watu hao maisha yake yote. Alijua vilevile kwamba kazi ya mtoto wake imekaa kwenye kiti kile pamoja naye, kwa kuwa mwenyewe alimwambia hivyo asubuhi wakiwa wanavaa.

Akacheka. Akaziba mdomo kwa mkono, akauondoa mkono, akacheka tena na mapengo yote nje, na ukumbi mzima ukamfuata.

"Hebu tuambie, bibi," Kulas alisema juu ya kelele, "huyo madam alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkarimu sana, mwanangu," alisema Bi Panyang. "Mlango wake ulikuwa haufungwi."

Waliinuka vitini. Mwanamke mmoja alicheka huku analia na kamera ikamfuata yeye. Kengele ilipolia, Bi Panyang alivishwa taji la karatasi, akapewa bahasha na makatoni ya mafuta ya kupikia ya wadhamini. Akawashukuru wote kwa jina moja moja, pamoja na Kulas.

Nyuma ya ukumbi aliomba aonyeshwe choo. Alikaa humo muda mrefu, na Weng alisimama nje ya mlango asimruhusu mtu kugonga. Alipotoka alikuwa amenawa uso, na poda waliyompaka imekwisha.

"Nimefanya vizuri?" alimuuliza mwanawe.

"Umefanya vizuri mno, Mama."

"Kazi umepata?"

"Nimepata."

"Basi, twende nyumbani."

*

Kipindi kilipotoka, watoto wa kichochoroni walijifunza kuchuchumaa. Walimngoja Bi Panyang akienda dukani, wakakung'uta kandambili zao na kuzinusa, wakapaza sauti, "Madam anawasalimia!" Aliwajibu, "Na mimi namsalimia," akapita. Muuza duka alimfungia mfupa wa kuku kwenye karatasi kama mzaha, na yeye akaupokea, akasema ahsante.

Dada yake Crisanto, mtumishi wa ndani Hong Kong, alipiga simu mara moja tu. "Mimi nilikuwa sijui, Sanoy," alisema. "Nimekula kuku wa madam utoto wangu wote, na nimekuwa nikimwombea dua. Ukaona nijue pamoja na madam wangu wa huku, amekaa na mimi sebuleni anatazama." Kisha akakata, na tangu siku hiyo alipiga kwa Weng.

Weng naye hakuwa na maneno mengi. "Ulisema mapengo."

"Mama mwenyewe alicheka! Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nikaona na dole gumba."

Jumapili asubuhi Crisanto alimkuta mama yake anapiga pasi sare ya Kriselle. Alikuwa na habari, na aliamini bado kwamba habari njema zinaweza kurekebisha jambo. Waholanzi wamependa. Wanataka kile kipande kiingie kwenye kitabu, nchi nyingine nazo ziuziwe. Yeye amepewa kusimamia waandishi wote.

"Vizuri," alisema Bi Panyang. Akageuza kola. "Ulijua tangu lini?"

Hakujifanya kutoelewa. "Tangu darasa la tatu."

"Na ukala?"

"Nikala."

"Kwa nini hukusema?"

Crisanto alitafuta jibu la kuchekesha na halikuja, likaja la kweli. "Ulikuwa unafurahi ukituletea. Niliona nikisema utaona haya."

Bi Panyang aliinua pasi, akaisimamisha. Akamtazama usoni muda mrefu, kama anayetafuta mtu mwingine humo ndani.

"Mtoto wa darasa la tatu," alisema, "alijua kwamba nitaona haya."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Hapana. Nigombeze basi. Nitukane. Weng hasemi na mimi, Dada hasemi na mimi, na wewe unanipigia pasi mashati. Nikasirikie hata kidogo, Mama, nakuomba."

"Ya nini? Watu wamefurahi, kazi umepata, mtoto ana viatu vipya." Akachukua sare, akaikunja vizuri kwa mistari yake. "Mimi nilikuwa na kitu kimoja nilichojijengea. Nilisema, wanangu wamekula kama watoto wa watu. Hawakujua. Nikifa, nakwenda nacho hicho. Kumbe ulikuwa nacho wewe, umenitunzia miaka yote hiyo bila kuniambia. Ungeendelea kunitunzia tu, baba."

Akachukua shati lililofuata. Crisanto alisimama pale mpaka Kriselle alipokuja kuulizia sare yake ya kesho.

*

Jioni hiyo Bi Panyang alipakua kama kawaida. Aliweka sahani ya kwanza mbele ya Weng.

"Samaki nimemnunua sokoni Kamuning," alisema, "kwa Conching, leo asubuhi, alikuwa bado anapumua. Mchele wa duka la kona. Nyanya ni za Conching vilevile."

Weng aliacha kijiko hewani. "Mama, hakuna aliyeuliza."

"Najua, mwanangu. Kula."

Kesho yake alisema tena. Nyama ya nguruwe imetoka kwa mchinjaji wa nyuma ya kanisa, siki ni ya chupa mpya, yeye mwenyewe kaifungua. Hakusema kwa uchungu wala kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesali kabla ya kula, kisha akakaa. Walipokuja wageni wa ofisini kumpongeza Crisanto, Bosi Maridel akiwa nao, aliwatajia hata chumvi. Maridel alicheka akidhani ametaniwa, akapiga meza, akamwambia Crisanto mama huyu arudishwe kwenye kiti mwakani. Kuku peke yake ndiye ambaye Bi Panyang hakumpika tena, na hakuna aliyethubutu kumwagiza.

Kriselle ndiye aliyezoea haraka. Aliuona ni mchezo mpya wa nyumbani. Siku moja, sahani zikiwa bado hazijafika mezani, alichuchumaa kando ya kiti chake, akakung'uta kipande cha mkate, akakinusa, akainua kidevu. Shuleni walikuwa wamemfundisha vizuri sana. "Wanangu," alisema, "madam anawasalimia!"

Weng alimshika mkono kwa nguvu. Lakini Bi Panyang alikuwa ameshaanza kucheka, mapengo yote nje, kicheko kile kile walichokiona watu wa nchi nzima, na mtoto akafurahi, akarudia tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha bibi akafuta macho kwa ncha ya aproni. Akapakua wali, akapakua samaki, akaleta sahani ya mwanawe na kuiweka mbele yake. Akamtajia kimoja kimoja kilikotoka, kwa nani, na saa ngapi. Alipomaliza hakwenda kukaa. Alisimama pale pale kando ya bega lake, akangoja mpaka aanze kula.